Bafle ya Wanawake

Februari 4

Maisha yangu yote nimebishana na Baba kila jioni: chumvi ya mboga ya sombe, mahubiri ya padri, nani aliacha mlango wazi mbuzi wakaingia. Tangu Krismasi habishi. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi wote. Ananitazama tu. Nami nisiponung'unika mahali nitapasuka, kwa hiyo nimechukua daftari na sasa nitabishana nalo.

Mimi ni Josée, binti wa Gaspard. Baba aliongoza kwaya kule Mutarule kabla hatujashuka Uvira. Ninauza unga wa muhogo sokoni Mulongwe. Mama yetu, Apollinarie, tulimzika miaka mitatu iliyopita, na Baba mwenyewe ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Nyumbani tumebaki wawili, na mvua inayotoboa bati.

Februari 7

Muuguzi amekuja kumnyoosha Baba mguu. Nilimuuliza kama ulimi utarudi. Alisema kuna wagonjwa ambao maneno yamewapotea lakini nyimbo zimebaki, na kwa baadhi yao maneno hurudi yakipitia njia ya wimbo. Kwa wengine hayarudi. Akaniambia pia nisishangae kama kuna mambo ameyasahau. Sikumsikiliza hapo. Nilikuwa nimeshika neno moja tu, wimbo.

Alipotoka nikafunua ile mitambo ya muziki ya Baba.

Baba alitengeneza bafle zake mwenyewe, makabati mawili ya mbao za libuyu yanayonifika kiunoni. Ndani mna spika na waya, basi. Nguvu yote hutoka kwenye ampli, kile kikuza sauti kinachokaa katikati, na ampli isipowaka, bafle ni makabati tu, unaweza kuwekea sufuria. Kwaya aliirekodi kwa maikrofoni mbili, moja mbele ya wanawake na moja mbele ya wanaume, jinsi tunavyokaa kanisani, wanawake kushoto, wanaume kulia. Hapa nyumbani bafle amezipanga vivyo hivyo. Nyuma ameandika kwa rangi nyeupe: WANAWAKE, WANAUME. Mama alikuwa akipangusa vumbi la bafle ya wanawake peke yake. "Ile ingine iko na benyewe," alisema, na Baba akachukua kitambaa akapangusa yake.

Nikaunga simu yangu yenye nyimbo za kwaya, nikaweka wimbo wa mavuno. Sauti ya kwanza juu kabisa ni ya Mama. Kisha kuna mahali wanawake wananyamaza wote, kama wamesikia hodi, na wanaume wanaingia peke yao, chini, Baba akiwaongoza. Mahali hapo mkono wa kushoto wa Baba ulipanda kutoka gotini, ukakaa hewani, ukashuka pale pale wanaume walipoingia.

Nililia ndani ya unga niliokuwa nachekecha. Nimeamua. Kila jioni, kwaya.

Februari 9

Hakuna umeme.

Februari 10

Hakuna umeme. Baba anaangalia ampli kama mtu anayengoja chakula.

Februari 16

Umekuja saa moja hivi jioni. Mkono umepanda tena, na midomo imetikisika. Nimempa samaki aliyechambuliwa vizuri, akala wote. Mtu akila hivi hafi.

Februari 25

Ampli inanuka. Inanguruma hata kabla ya wimbo kuanza.

Machi 1

Nimeipeleka kwa Nizigama, fundi wa redio wa mtaa wetu. Mtu huyu anaongea kuliko redio zote alizonazo. Alifungua ampli, akaipulizia vumbi, akaniambia jinsi alivyotengeneza mitambo ya maaskofu.

"Mama Josée, bafle ziko nzima kabisa. Mugonjwa ni ampli peke yake. Minye nitaiponya."

Machi 11

Bado anaiponya.

Machi 13

Ampli imerudi. Imeimba kidogo, ikatoa moshi, ikazima. Nizigama anasema kifaa cha kuiponyesha kiko Bujumbura, na barabara ya kwenda huko kupitia Gatumba iko chini ya maji. Ningemzaba kibao. Baba hajasikia kwaya siku nyingi sasa, na leo amekula nusu ya sahani.

Machi 15

Héritier amefika! Mdogo wangu huyu anafanya kazi Bujumbura, na tangu Baba augue alikuwa anatuma salamu za simu tu, jambo ambalo sikulisahau. Amepita Gatumba kwa mtumbwi, suruali imelowa hadi mapajani, na kichwani amebeba katoni iliyofungwa kwa nailoni. Ndani, bafle mbili nyeusi, fupi, nzuri kama viatu vya harusi.

"Yaya, dada yangu, mambo ya waya-waya ilishaisha," alisema. "Hizi, kila moja iko na ampli yake mu tumbo. Unaingiza mu courant, unafunga na telefone, njo basi."

Kumbe Nizigama alikuwa amesimama mlangoni. Hajawahi kupitwa na katoni mtaani.

"Na siku ile ampli ya mu tumbo itakufa?" aliuliza. "Utaizika pamoja na sanduku yake? Hizi za mzee, ampli ikikufa unatafuta ingine, bafle inabakia. Hata ampli ya gari inaweza kuziimbisha na batri, courant ikatae ikubali."

"Papa Nizigama, ampli ya Baba ilikaa kwako wiki mbili. Ilirudia na moshi," Héritier alimjibu.

Nilicheka kwa sauti. Nizigama akaondoka na heshima yake. Mimi nilikuwa upande wa mdogo wangu, naandika wazi. Nilitaka sauti leo.

Na sauti ikaja. Sikujua kama kwenye wimbo ule kuna mtu anayekohoa, wala kwamba Mama anavuta pumzi kabla ya kupanda. Nilisikia pumzi yake! Lakini Baba alikunja uso, akaanza kupiga kiti kwa ngumi ya kushoto, paa, paa, paa. Héritier akaogopa, akapunguza sauti. Ngumi ikaendelea. Mimi ndiye niliyeona: wanaume walikuwa wanatoka kushoto. Tukazihamisha, hii huku, ile kule. Baba akalegea. Halafu akatazama kushoto akafumba macho.

Machi 19

Héritier amempa Délice bafle za zamani. Délice ana nganda, baa ya bia na muziki, kule chini, karibu na bandari ya Kalundu, na ziwa lilimharibia mitambo yake mwaka jana. Walikuja vijana wawili na mkokoteni. Chumba kimekuwa kikubwa. Baba aliufuata mkokoteni kwa macho mpaka ukapotea, nami nikamwambia, "Baba, hizi mpya zinaimba vizuri zaidi," na ni kweli, zinaimba vizuri zaidi.

Machi 24

Amevuma! Wanaume walipoingia, kitu kilivuma kifuani mwake, chini sana. Héritier aliruka akagonga kichwa kwenye boriti.

Machi 30

Leo alivuma na wimbo mzima. Muuguzi amesikia kwa masikio yake. "Mwendelee," alisema, "msikatishe. Njia imefunguka kidogo." Nimeuza unga wote nikiimba. Wanawake wa sokoni wanauliza kama nimepata bwana.

Aprili 5

Umeme umekatika tangu juzi. Mvua haipumziki. Ziwa limeingia nyumba za chini.

Aprili 8

Bado. Jioni Baba anatazama bafle nyeusi, kisha ananitazama mimi. Héritier amejaribu kumwekea simu sikioni. Baba aliisukuma. Sauti ya simu ni ya mbu, haina wanaume.

Aprili 10

Mungu wangu.

Nitaandika kwa utaratibu maana nikiacha mkono ukimbie nitaandika matusi.

Mtaa wetu umeme ukikatika hakuna anayezima kitu. Kila nyumba huacha kitu kimoja kimewashwa, ili kituite umeme ukirudi. Kwa jirani ni feni, kwa Nizigama ni redio. Kwetu tangu utoto ilikuwa ampli ya Baba: ikivuma, tunakimbia nje tunapiga kelele, na mtaa wote unaitikia. Kwa hiyo bafle nyeusi nazo zilikaa zimewashwa, sauti juu, zinangoja. Si Héritier wala si mimi aliyeamua. Hakuna aliyewahi kufikiri kuzima.

Leo jioni umeme ulirudi kwa hasira. Taa iligeuka nyeupe, ikalia, ikapasuka. Bafle zote mbili zilitoa sauti moja, paa! kama mlango uliobamizwa, kisha harufu. Nje watoto walishaanza kushangilia, halafu nyumba moja ikanyamaza, na nyingine, na nyingine. Jirani alitoka na feni yake mkononi kama anabeba kuku aliyekufa.

Baba alikuwa ameinua mkono wa kushoto. Aliposikia paa alidhani wimbo unaanza. Mkono ulikaa hewani, ukakaa, ukakaa, hata nikaushika mimi mwenyewe nikauweka gotini.

Aprili 11

Nizigama amezifungua. Nilimngoja aseme "nilisema," hakusema. Alinionyesha ndani: kibao cheusi, koili nyeusi, zote mbili sawa.

"Yote imekufa, mama. Ampli na bafle, yote mwili moja. Zile za mzee, moto ungekulaka ampli, labda ungeishia pale."

"Unazo zingine?"

"Redio yangu pia imekufa," alisema, akaanza kurudisha skrubu moja moja.

Aprili 13

Hakula.

Aprili 14

Hakula. Uji unashuka kidevuni.

Aprili 16

Muuguzi amekuja kwa miguu, pikipiki hazipiti. Alibana ngozi ya mkono wa Baba, ikabaki imesimama. Alisema koo linafanya kazi, meno anayafunga mwenyewe. Asipokula mpaka mwisho wa wiki tutampoteza. Alisema mbele yake! Nikamtoa nje nikamfokea, kisha nikamwomba msamaha, kisha nikamfokea tena.

Nina hasira na Baba. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia. Nina hasira kwamba mimi na Héritier hatutoshi, kwamba tuko hapa wazima tunaongea naye kutwa na yeye anageukia ukuta kwa ajili ya watu walioimba zamani. Nataka aishi. Nataka abishane nami. Hata aniite mjinga, nitashukuru.

Aprili 17

Nilirudi sokoni nikamkuta Héritier amepiga magoti kando ya kitanda, anamwimbia Baba sikioni sehemu ya wanaume. Mdogo wangu anaimba kama mlango usiotiwa mafuta, hata kwaya ya watoto ilimkataa. Alikuwa anaimba huku machozi yanaingia mdomoni. Baba alikuwa ametazama ukuta. Nikasimama pale mlangoni na kikapu changu. Kinyongo nilichokuwa nacho tangu Krismasi, cha zile salamu za simu, nilikitafuta sikukiona.

"Yaya," alisema bila kugeuka, "minye njo niliziuwa."

"Uliziacha ziwake, na minye niliziacha ziwake. Mutaa muzima waliacha."

Nikaketi kando yake. Halafu nikakumbuka maneno ya Nizigama ya siku ile tulipomcheka: ampli ya gari, betri, umeme ukatae au ukubali. Nikatoka mbio bila kiatu kimoja.

Nizigama anayo ampli ya gari. Aliing'oa kwenye teksi iliyoanguka korongoni. Upande wake mmoja umekufa, mmoja unaimba. Betri anayo pia, ndiyo inayomwangazia kibanda chake siku hizi. "Lakini bafle, mama. Unahitaji zile za mzee."

Aprili 18

Pikipiki ilinifikisha nusu ya njia ya Kalundu, dereva akakataa kuendelea, nikashuka nikatembea majini. Ziwa limepanda mpaka barabarani. Viti vya nganda ya Délice vinaelea, na yeye yuko juu ya kaunta, amevaa kofia ya mvua, anakunywa chai.

"Weye!" aliita. "Unakuja mu mvua hivi juu ya nini? Kuko msiba?"

"Utakuwako kama haunipe bafle za Baba."

Nilimweleza nikiwa nimesimama majini. Hakucheka. Akaonyesha kona. Bafle ya wanaume ilikuwa imelala chini ya maji, na friji juu yake.

"Maji iliingia na nguvu," alisema. "Nilitafuta kintu ya kubeba frigo. Ile imebeba kupita bwana wangu. Pole, dada."

Tulivuta mbao zikabaki mikononi zimevimba kama mkate. Spika ilitoka vipande vipande. Nililia kwa sauti kubwa, sikuona aibu. Délice akanishika bega, akainua turubai iliyokuwa mezani nyuma yake. Bafle ya wanawake ilikuwa pale, kavu.

"Hii niliweka juu. Inaimba muzuri, njo maana. Beba."

Aliwaita wavuvi wawili wakanivusha nayo kwa mtumbwi mpaka barabara kavu. Héritier akaipokea kichwani.

Aprili 19

Nizigama amefunga waya tangu mchana, bila hadithi ya askofu hata mmoja. Saa kumi jioni kila kitu kilikuwa tayari, na hapo ndipo nilipoelewa tulichonacho. Bafle moja. Upande mmoja wa ampli. Upande unaofanya kazi ni wa kushoto, wa wanawake. Nikamuuliza kama waya anaweza kuzichanganya sauti zote mbili. Alisema anaweza kujaribu kesho, leo anaogopa kuunguza hata hii. Nikafikiri: basi hata hiki hatukupata. Wanaume hawapo. Baba hayupo. Tutamsikilizisha nini, shimo?

Tukaiweka kushoto, mahali pake pa zamani. Nikabonyeza.

Mama akaingia. Haikuwa ile sauti safi ya bafle nyeusi, hakuna pumzi, kuna mkwaruzo, lakini ni mbao za libuyu na ilijaza chumba mpaka nikaisikia nyayoni. Baba aligeuka kutoka ukutani. Aligeuka polepole, shingo kwanza. Wanawake waliimba ubeti wa kwanza, wakafika pale mahali, wakanyamaza.

Na hakuna aliyeingia. Kwa mbali sana, kama watu wa chumba cha pili, ulisikia uvumi wa wanaume, haukufika hata mlangoni. Kimya kilichobaki kilikuwa kibaya. Baba alikunja uso wake wa kiongozi, ule wa kumtafuta aliyechelewa. Alitazama kulia, ukuta mtupu. Wanawake wakaendelea bila jibu.

Ubeti wa pili. Wakafika, wakanyamaza. Mkono wa kushoto ukapanda.

Akaingia yeye.

Ni yeye aliyeingia! Maneno! Yameviringika, yamekatika pembe, lakini maneno ya wimbo, moja baada ya lingine, kwa sauti ile ya chini iliyokuwa ikitikisa benchi nililokalia nikiwa mtoto. Nizigama akavua kofia. Héritier alinishika mkono akauminya hadi ukauma. Wanawake wakamjibu, naye akawajibu, ubeti wa tatu, wa nne, mtu aliyekuwa hamezi uji jana. Nilitaka kupiga kelele mtaa wote uitikie.

Katikati ya ubeti wa tano Mama akaanza kuzama. Sauti ikawa nene, ikalegea, ikawa kama mtu anayeongea usingizini, ikaisha. Betri. Baba aliendelea peke yake mpaka mwisho wa sehemu yake, akashusha mkono, akangoja. Hakuna aliyemjibu. Akatazama bafle. Akanitazama mimi.

"Apollinarie iko wapi?"

Miezi yote hii nimeomba neno moja. Nimepewa matatu. Nilimwona ananingoja, macho mazima kabisa, macho ya mtu ambaye hajawahi kutupa udongo kwenye kaburi la mkewe. Muuguzi aliniambia mapema, nami sikumsikiliza. Héritier alitoka nje. Nizigama alijifanya anatafuta bisibisi.

"Batri imeisha, Baba," nilisema.

Alikunja uso. Naujua uso huo, ni wa mtu ambaye binti yake ameacha mlango wazi.

"Basi enda kuichaji."

Kisha akafungua kinywa kwa ajili ya uji. Alikula bakuli zima.

Aprili 20

Ninaandika nikiwa kwa mwenye paneli za jua, kule juu ya barabara kuu. Umeme haujarudi, watu wote wameleta betri zao hapa na jua lenyewe linatoka kidogo kidogo. Betri ya Nizigama iko miguuni pangu, nimeifunika kwa kitenge changu, mimi nimelowa.

Asubuhi Baba aliniita kwa jina. Aliuliza kwa nini bado niko nyumbani. Alisema Apollinarie hapendi kungojeshwa.

Betri ikijaa nitairudisha. Mama ataimba, na Baba ataingia pale pake. Nizigama anasema anaweza kuchanganya sauti, wanaume warudi. Nimemwambia aache kwanza, wakirudi Baba hatakuwa na mahali pa kuingia. Halafu betri itaisha tena, na Baba atauliza tena, na siku moja kati ya hizo nitalazimika kumzika Mama mbele yake mara ya pili, mimi, kwa mdomo wangu.

Mwenye paneli amefika kwangu. Anauliza kama nina haraka, maana nafasi imepatikana. Nimemwambia awahudumie wengine kwanza.